Mguu Mwepesi wa Mkunga

Watu walimwita Mwalimu Taratibu, na aliyemtungia jina hilo alijua kuchokoza. Hakuna jambo ambalo mwalimu huyo aliwahi kulifanya taratibu. Alikula mbio, alioga mbio, na inasemekana hata posa aliipeleka mbio mbio kabla wakwe hawajapata muda wa kuulizia habari zake. Jina lilitokana na kazi. Alikuwa akifundisha watu kuendesha gari, na silaha yake kubwa ya kufundishia ilikuwa kulipigia yowe neno hilo moja tangu asubuhi hadi jioni: "Taratibu! Taratibu, we mama! Unaniulia gari!" Watoto wa mtaa walilidaka, wakawa wanamzomea nalo kila akipita. Mwisho yeye mwenyewe akaliandika ubavuni mwa gari kwa rangi nyekundu, kana kwamba ndiye aliyelibuni.

Gari lenyewe lilikuwa limekula chumvi nyingi. Lilitengenezwa enzi zile injini zilipoanza kuachana na kabureta na kuwekewa kompyuta, kwa hiyo lilikuwa na mwili wa kizamani na maringo ya kisasa. Nalo lilikuwa na tabia moja. Mwanafunzi akiingiza gia ya kwanza, akaanza kuachia klachi na kuigusa pedali ya mafuta, gari lilikohoa, likashtuka, likawatupa watu mbele na nyuma, na mara nyingi likazima. Lakini Mwalimu akishika usukani mwenyewe, liliondoka bila neno. Sasa mchawi wa kutafutwa ni nani? Gari zima, mwalimu mzima, aliyebaki ni mwanafunzi. "Mguu wako mzito," Mwalimu alikuwa akisema. "Huo si mguu wa kuendeshea gari. Huo ni wa kukanyagia udongo wa matofali."

Alikuwa amewaambia hivyo washonaji, wauza dawa, walimu wenzake wa kweli, na mchungaji mmoja wa kanisa ambaye alishuka garini akiwa ameusahau kidogo wito wake. Wengine walivumilia, wengine walikata tamaa wakarudi kupanda mabasi. Waliofaulu nao walijulikana mji mzima. Ukiwa kwenye njia panda ukaona gari linachupa taa ya kijani ikiwaka, watu wanakimbilia mtaroni, ujue aliye kwenye usukani ni mhitimu wa Taratibu. Polisi wa barabarani walishazoea. Ajabu ni kwamba hakuna aliyejiuliza kwa nini mwalimu mmoja awe anazaa madereva wa namna moja.

Nyumbani alikuwa na mke, mkunga katika zahanati ya mtaa wa pili, mwanamke mnene wa sauti ndogo. Mikono yake ndiyo iliyowapokea nusu ya watoto waliokuwa wakimzomea mumewe barabarani.

Mkunga alikuwa na lake moyoni. Dereva wa gari la zahanati, lile linalopeleka kliniki kwenye vijiji vya mbali, alikuwa amestaafu, na wakubwa hawakuwa na nia ya kuajiri mwingine. Walisema gari litakabidhiwa mhudumu mwenye leseni, na huyo ndiye atakayeiongoza kliniki. Waliobaki kwenye kinyang'anyiro walikuwa wawili. Mmoja ni mkunga, aliyeitamani kazi hiyo tangu alipoanza kuwapokea wanawake wa vijijini waliofikishwa wamechelewa. Mwingine ni bwana wa stoo ya dawa, mwenye leseni safi, ambaye hakuwahi kumshika mtoto mchanga ila kwa bahati mbaya. Mkunga alishafanya mtihani wa udereva mara mbili kwa gari la mumewe, na mara zote mbili gari lilizima mbele ya mtahini kabla ya kutoka langoni. Mtihani wa tatu ulikuwa Jumatano. Akishindwa tena, vijiji vinakwenda kwa bwana wa stoo.

Jumamosi alasiri walikuwa kwenye uwanja wa mpira, wanaondoka na kusimama, wanaondoka na kusimama, na vichwa vinatikisika kila safari.

"Taratibu!"

"Niko taratibu."

"Mguu mzito huo!"

"Nimeigusa tu, Mwalimu," alisema mkunga. Siku za amani alimwita mume wangu. Akishamwita Mwalimu, mwenye akili hunyamaza.

Yeye hakunyamaza. "Unaigusa au unaipiga teke? Gari halisemi uongo."

"Linashtuka mahali pale pale kila mara. Mwanzo mwanzo. Nikishapapita, linatulia. Ni kama kuna shimo hapo kwenye pedali."

"Shimo liko kichwani mwako."

Mkunga alizima injini. Alivuta breki ya mkono, akarudisha gia katikati, akafungua mkanda, kila kitu kwa mpango wake kama alivyofundishwa. Kisha akashuka, akakata uwanja kwa miguu, akaenda zake nyumbani. Wavulana waliokuwa wakicheza mpira walisimamisha mchezo kumpisha, kisha wakamgeukia Mwalimu wakamtazama, naye akajifanya anakagua kioo cha pembeni.

Jioni alingoja ugomvi. Ugomvi aliuweza, ulikuwa kama kazi yake ya pili. Lakini mkunga alikunja sare yake nyeupe, akaiweka juu ya kiti, akasema kwa utulivu, "Jumatatu nitamwambia matroni wampe bwana wa stoo. Umesema kweli. Mimi si mtu wa kuendesha." Akazima taa. Mwalimu alikuwa ameshinda hoja ya miaka miwili, na ushindi huo ulimkaa kooni usiteremke.

Jumapili mchana alikuja mdogo wake mkunga kula, kama alivyokuwa akija kila Jumapili. Alikuwa fundi umeme wa magari, mtu wa kujisifu kuliko kuku aliyetaga. Yeye na Mwalimu waliishi kwa utani, na labda ndiyo sababu Mwalimu hakuwahi kumpelekea gari lake hata siku moja. Ni afadhali kutapeliwa na fundi wa mbali kuliko kuwa na shemeji aliyekuona umeshindwa.

"Dada, mtihani si Jumatano?" fundi aliuliza, mdomo umejaa.

"Siendi."

Fundi aliweka kijiko chini. Aliuliza kwa nini, naye dada yake akamweleza kwa maneno machache, pamoja na lile shimo. Lile la kichwani hakulitaja. Hakukuwa na haja, maana uso wa Mwalimu ulikuwa unalitaja wenyewe.

"Shemeji," fundi akageuka, "hilo shimo umelitafuta?"

"Nimebadilisha plagi. Nimebadilisha chujio la petroli. Nimebadilisha waya wa klachi."

"Ukabakiza kubadilisha mke."

Mwalimu alisukuma kiti nyuma akasema, "Haya, njoo ulitazame, usije ukanichosha na maneno."

Fundi hakufungua boneti kwanza. Aliingia ndani, akawasha injini, akaitazama dashibodi. Kisha akainamisha kichwa karibu kabisa.

"Hii tepu nyeusi hapa ya nini?"

"Kuna taa hapo ilikuwa inawaka. Inawachanganya wanafunzi. Kila anayepanda, 'Mwalimu, hii taa ya nini?' Somo haliendi."

"Iliwaka lini?"

"Zamani kidogo."

Fundi alibandua tepu kwa ukucha. Chini yake kitaa cha injini kilikuwa kinang'aa, cha njano, bila kuchoka. "Gari linakuita miaka yote hii, wewe umeliziba mdomo. Mficha uchi hazai, shemeji."

Mkunga, aliyekuwa amesimama mlangoni mikono kifuani, aliangua kicheko bila kutaka. Methali hiyo aliwaambia wanawake wa zahanati karibu kila siku, nao hawakuwahi kuificha miili yao kwa tepu.

Fundi akamtaka Mwalimu aondoke na gari. Mwalimu akaondoka, vizuri tu, akazunguka nyumba na kurudi kidevu kikiwa juu. "Umeona?"

"Nimeona. Sasa ondoka kama umebeba mayai mapajani."

Mwalimu akaigusa pedali kidogo. Gari likakohoa. Akaigusa tena vivyo hivyo. Likashtuka, likazima. Akashuka akasema, "Petroli ya siku hizi."

"Mbaazi ukikosa maua husingizia jua," alisema fundi, akafungua boneti.

Alimwonyesha kidude cheusi, kidogo kama kiberiti, kilichofungwa kwa skrubu mbili ubavuni mwa mlango wa kuingizia hewa kwenye injini. "Hii ndiyo sensa ya throto. Ukikanyaga mafuta, mlango huu wa hewa unafunguka, na sensa inaiambia kompyuta umefunguka kiasi gani. Kompyuta inagawa petroli kwa kufuata habari hiyo. Sensa ikisema mguu umetoka, kompyuta inakata petroli, hata kama mguu uko palepale."

"Kwa hiyo imekufa?"

"Haijafa. Ni waya wake. Mimi nilijua tangu niko mezani."

Akachomoa soketi ya nyaya tatu, akaisafisha, akaipuliza, akairudisha. Gari likakohoa. Akasema basi ni ule waya unaorudisha umeme, akaukwangua mpaka shaba ikang'aa. Gari likakohoa. Mwalimu alianza kupata nafuu ya moyo. Fundi naye alipunguza kujisifu, akatoa mita yake mpya ya namba, akaichomeka kwenye waya unaopeleka habari, akamwomba dada yake aingie ndani akanyage polepole mpaka mwisho. Namba zilipanda, zikayumba kidogo, zikapanda tena.

"Sensa nzima hii," alisema fundi, sauti imeshuka.

"Si nilisema!" alisema Mwalimu, ambaye hakuwa amesema lolote.

Mkunga alitoa kichwa dirishani. "Hizo namba zinachelewa. Mguu wangu umeshapita ndipo zinaandika. Huna mita ya mshale? Kitu kinachoruka haraka usikitafute kwa namba. Sisi kwenye presha, mimi ile ya mshale ndiyo ninayoiamini. Mapigo yakiruka, unauona unaruka."

Fundi alimtazama dada yake, kisha akachimbua sanduku mpaka chini kabisa. Akatoa mita kuukuu iliyopasuka kioo, akaipangusa kwa shati.

Mkunga akakanyaga tena, kwa ule mguu wake. Mshale ulianza kwenye nusu volti, ukainuka kidogo sana, ukaanguka mpaka sifuri. Ukalala hapo. Kisha ukaruka juu, na kutoka hapo ukapanda bila shida mpaka mwisho. Akarudia. Ukaanguka mahali pale pale. Akarudia tena, na wanaume wawili walikuwa wameinama juu ya mita.

"Hilo shimo," alisema fundi. "Shemeji, kakanyage wewe."

Mwalimu aliingia upande wa pili, akanyoosha mguu mpaka kwenye pedali, akakanyaga kama alivyozoea. Mshale ulichupa juu moja kwa moja, usimwonyeshe mtu kitu.

"Umeona? Mguu wako unalirukia. Umelizoea kama mtu anavyoizoea ngazi mbovu ya nyumbani kwake. Ndani ya hii sensa kuna kimkono kinachosugua utepe mweusi. Panaposuguliwa sana ndipo panapoisha. Na kwenye gari la kufundishia, kila mtu anasugua hapo hapo pa kuondokea. Anayekanyaga kwa pupa anapita juu. Anayekanyaga vizuri ndiye anayetumbukia."

Maneno hayo yalichukua muda kuingia. Yalipoingia, Mwalimu alishuka akashikilia mlango wa gari. Alimwona mshonaji wa kike aliyelia akashuka, mwenye vidole vya kutunga uzi kwenye sindano kwa mara moja. Alimwona mchungaji. Alimwona muuza dawa aliyekuwa akiomba radhi kwa kila kosa. Kisha akawaona waliofaulu, mmoja baada ya mwingine: kijana aliyegonga nguzo wiki ya kwanza, bwana wa bucha ambaye hata mbwa walijifunza muda wake wa kupita. Nyani haoni kundule, lakini huyu sasa alikuwa ameletewa kioo. Alikuwa na shule ya kuchekecha watu, na miaka yote amekuwa akimwaga unga na kuweka pumba.

Mkunga alikuwa bado amekaa kwenye kiti cha dereva, mikono juu ya usukani. Mwalimu alizunguka gari akasimama dirishani kwake.

"Kumbe sensa," alisema.

"Eeh."

"Sensa za magari haya ya zamani, mtu huwezi kujua."

"Eeh."

"Kesho nitatafuta nyingine. Tutaifunga. Mambo yamekwisha."

"Vizuri. Wanafunzi wako watafurahi." Mkunga alikuwa anatazama mbele, kwenye ukuta wa nyumba. "Mimi kesho nitawahi, nimkute matroni kabla hajapanga zamu."

Hapo Mwalimu aliogopa kwa kweli. Aliona kwamba kitu alichokivunja hakikuwa chini ya boneti, na hakina spea. Aligeuka kumtafuta shemeji yake amsaidie, lakini fundi alikuwa amegundua ghafla kwamba sanduku lake la vifaa linahitaji kupangwa.

"Mke wangu," alisema, na sauti ilimtoka ndogo. "Mguu wako hauna kosa. Haukuwa na kosa tangu siku ya kwanza. Ni mimi sikujua, na badala ya kuuliza nikakutukana. Nisamehe. Usiende kwa matroni."

"Sijasikia," alisema mkunga. "Injini inapiga kelele."

Injini ilikuwa imezimwa. Ufunguo ulikuwa mfukoni mwa mdogo wake.

Mwalimu akasema tena, kwa sauti kubwa zaidi. Jirani aliyekuwa anaanika nguo aliacha shati likining'inia kwa kibanio kimoja.

"Hapo kwenye kutukana ndipo sijapashika."

Akasema mara ya tatu, kwa sauti ile ile aliyofundishia kazi, mtaa mzima ukajua kwamba mguu wa mkunga ni mwepesi na kwamba mumewe ni mjinga wa kutupwa. Neno la mjinga aliliongeza mwenyewe, bila kuombwa. Sanduku la vifaa lilianguka, maana aliyekuwa analipanga alikuwa ameketi chini anacheka.

"Sasa nimesikia," alisema mkunga, akashuka kwenda kuosha vyombo. Matroni hakuambiwa kitu.

Jumatatu fundi alizunguka maduka ya spea za mtumba mpaka akapata sensa ya aina ile ile iliyotolewa kwenye gari lililogongwa nyuma. Akaifunga, akaacha skrubu mbili zikiwa hazijakazwa, akaizungusha kidogo kidogo huku mlango wa hewa ukiwa umefungwa, mpaka mshale ukakaa kwenye nusu volti. Akakaza. Akakanyaga polepole mpaka mwisho, na mshale ukapanda safari nzima bila kuanguka. Kitaa cha njano, baada ya kumbukumbu ya kompyuta kufutwa, hakikuwaka tena. Hapo fundi alirudia kusema kwamba alijua tangu yuko mezani, na kwa kuwa alikuwa amelitengeneza, walimwacha ajisifu.

Mwalimu aliwaahirisha wanafunzi wote, akampa mkewe gari. Siku mbili hizo hakugusa usukani hata mara moja. Alikaa upande wa kushoto, mikono mapajani, akamwona mkunga anaondoka na gari kwenye uwanja wa mpira bila hata glasi ya maji kumwagika, kama kungekuwa na glasi. Mdomo ulifunguka mara kadhaa kwa mazoea. Hakukuwa na cha kusema, ukafunga. Jambo hilo lilimchosha kuliko kupiga kelele.

Jumatano aliachwa langoni, maana mwalimu haruhusiwi kukaa garini wakati wa mtihani. Alisimama na kundi la wanaosubiri zamu, akimwomba Mungu kwa sauti mpaka mama mmoja akamwambia apunguze. Mkunga aliingiza gia. Mtahini, aliyemjua kwa mitihani miwili iliyopita, alishika mapema kishikio cha juu ya mlango. Gari likaondoka. Halikukohoa, halikutikisika, lilipita langoni hata mlinzi hakuinua macho kutoka kwenye redio yake. Lilipokata kona Mwalimu aligundua kwamba anatokwa na machozi, na hakujali nani anamwona.

Walirudi baadaye. Mtahini alishuka, akasaini, akampa mkunga karatasi, akampa na mkono. Mkunga alitembea mpaka kwa mumewe, akamkabidhi ufunguo.

"Nimefaulu. Endesha wewe, mimi niisome karatasi yangu."

Mwalimu akaketi kwenye usukani, kifua kimejaa. Kundi zima la wanaosubiri zamu lilikuwa linawatazama, na wengine wao walikuwa wanafunzi wake. Akaingiza gia ya kwanza, akaachia klachi, akakanyaga mafuta kama alivyokanyaga miaka yote, kwa kulirukia lile shimo. Shimo halikuwepo. Injini iliitika mara moja, gari likachupa mbele kwa wazimu, akashtuka akatoa miguu yote miwili, likajipigapiga mara mbili na kuzima katikati ya lango. Mlinzi alidondosha redio. Nyuma yao vicheko vililipuka, na mtu akalipigia yowe lile jina.

Mwalimu hakugeuka. Alikaa na shingo imeingia mabegani, akisubiri. Aliyajua maneno yote yanayosemwa mtu anapofanya hivyo, kwa sababu aliyatunga yeye. Alijua pia kwamba aliyeketi kando yake ameyasikia mara nyingi kuliko mtu mwingine yeyote, na kwamba ana haki ya kuyatumia yote.

Mkunga aliweka mkono juu ya mkono wake, pale kwenye gia.

"Washa tena," alisema, kwa sauti ile anayowasemesha wanawake wanaojifungua kwa mara ya kwanza. "Hakuna anayezaliwa anajua. Mimi niko hapa."

Mwalimu akawasha.